UZI: Ati Kenya ni "asilimia 0.1 tu"? Ya nini, na ya mwaka gani?

Jana jioni kabla nipande matatu ya Kangemi nilipita Jeevanjee, nikakuta mabishano yamepamba moto. Mzee mmoja anasema Uingereza ilichafua hewa, itulipe. Kijana akamjibu: "Mzee wangu, Uingereza siku hizi haifiki hata asilimia 1 ya dunia. Uliza China." Makofi.

Shida ni kwamba wote wawili hawakudanganya. Wacha nieleze, maana hizi namba mtaziskia sana kampeni zikianza.

Namba ya kijana ni ya mwaka mmoja. Kweli, Uingereza leo iko chini ya asilimia 1 ya hewa ya kaboni inayotolewa duniani. Kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kilifungwa Septemba 2024. Lakini rudi 1850: zaidi ya nusu ya kaboni yote ya makaa ya mawe duniani ilitoka huko. Huku kwetu hata reli ya Mombasa ilikuwa bado, ilianza kujengwa 1896.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Asilimia kushuka si lazima uchafuzi ushuke. Ukila chapati mbili peke yako nyumbani, umekula asilimia 100. Wageni wakija, ule tatu nao wale tisa, sasa wewe ni asilimia 25, na tumbo limejaa zaidi. Ndivyo ilivyokuwa: Marekani na Ujerumani zilijenga viwanda, sehemu ya Uingereza ikashuka, lakini kiasi chake chenyewe kiliendelea kupanda hadi miaka ya 1970.

Na kaboni si kama moshi wa matatu unaopeperuka ukifika Westlands. Nyingine hukaa angani mamia ya miaka. Ndiyo maana kuna hesabu ya pili, ya jumla tangu viwanda vianze: Marekani karibu robo, China kama asilimia 15, Uingereza kati ya 4 na 5. China ilipita Marekani kwa hesabu ya kila mwaka karibu 2006. Kwa jumla, bado.

Sasa sisi. Kaboni ya mafuta tunayochoma ni kweli haifiki asilimia 0.1. Lakini ongeza gesi zingine, hasa ya ng'ombe na mashamba: serikali yenyewe, kwa ripoti yake ya 2020 kwa Umoja wa Mataifa, iliandika tani milioni 93.7 kwa mwaka 2015. Dunia ilikuwa kama tani bilioni 50. Piga hesabu, ni karibu asilimia 0.2. Bado ni kidogo sana, lakini ni mara mbili ya ile tunayotangaza.

Mtasema natetea wazungu. Hapana. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare nyumba zilibebwa na maji. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 utagombaniwa kwa namba hizi hizi. Tukienda na moja inayopasuka kwa swali la kwanza, tutakuwa tumewapa sababu ya kutotuskiza.

Yule mzee, kusema ukweli, ndiye alikuwa karibu zaidi na hoja. Alikosa tu kusema "kwa jumla". Nilitaka kumwambia, lakini mvua ikaanza na nauli ikapanda kutoka 50 hadi 100.