Si jini wala kijicho: ni kromosomu moja iliyozidi

Garissa nasikia maneno yale yale ninayoyasikia kwetu Pwani. Mtoto akizaliwa na macho yaliyopanda pembeni na mwili mlegevu, watu husema ni jini, au kijicho, au mama kuna alilofanya. Ndugu zangu, hii inaitwa hali ya Down, na chanzo chake kinajulikana tangu 1959, daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipokitangaza.

Seli ya mwanadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Ni nyuzi zilizobeba maagizo ya kuujenga mwili. Yai la mama hubeba 23 na mbegu ya baba 23. Ili kufika nusu hiyo, seli hugawanyika na kila jozi sharti iachane, moja huku, moja kule. Mara nyingine jozi ya 21 haiachani. Yai likabaki na mbili, likakutana na mbegu yenye moja, mtoto hupata tatu. Jumla yake ni 47.

Kosa hili mara nyingi hutokea kabla ya mimba kutunga. Basi chakula, hasira au jicho la jirani vinaingiaje hapo?

Kinachoongeza uwezekano ni umri. Mayai ya mwanamke huanza kuumbika angali tumboni mwa mamake, kisha mgawanyiko husimama kwa miaka mingi. Vishikizo vya kromosomu huchakaa vikingoja. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano ni kama mtoto 1 kwa 1,250. Akifika 40, ni kama 1 kwa 100. Mandera, utafiti wa serikali wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 7.7 kwa mwanamke, na uzazi wa namna hiyo hufika miaka ya arobaini. Hata hivyo, mama kijana pia humzaa.

Linaloniuma ni muda unaopotea. Takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Mwezi anaozungushwa kwa waganga ni mwezi ambao moyo haukupimwa. Mpelekeni hospitali ya kaunti mapema, apimwe moyo, masikio na tezi ya shingo, aanzishiwe mazoezi, kisha apelekwe shule na madrasa kama wenzake.

Dua tumwombee, na mamake tumwondolee lawama.