Dripu Inapozungumza na Faili

Daktari ameandika: lita moja ya maji ya dripu, kwa muda wa saa 8. Kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, nesi atahesabu matone 42 kwa dakika, jicho moja kwenye chemba, jingine kwenye saa ya mkononi. Mgonjwa akikunja kiwiko, hesabu imeharibika. Pampu ya dripu huondoa adha hiyo: ikiambiwa mililita 125 kwa saa, husukuma hizo hizo.

Mwendo wa maji mwilini ni suala la uhai. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifuatilia watoto 3,141 mahututi wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Hospitali ya Teule, Muheza. Kati ya waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiomiminiwa, walikuwa 7 hivi.

Lakini pampu iliyo peke yake hutii kidole tu. Nesi aliyechoka akibonyeza 125 badala ya 12.5, itasukuma 125. Nchini Marekani, kati ya 2005 na 2009, mamlaka ya dawa FDA ilipokea ripoti zipatazo 56,000 za matatizo ya pampu hizi.

Dawa yake ni kuiunganisha pampu na faili la mgonjwa kwenye kompyuta. Agizo hutoka kwenye kompyuta ya daktari moja kwa moja hadi kwenye pampu, nesi hulilinganisha na chupa, kisha yeye mwenyewe ndiye anayeruhusu ianze. Pampu nayo hurudisha kwenye faili kiasi kilichoingia.

Lakini agizo lazima lifike kwa mgonjwa sahihi, na hapo ndipo mji wa Moshi, Tanzania, unapodai uangalifu wa pekee. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, na Mawenzi iliyo mjini hupokea wagonjwa kutoka Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, ambako majina ya koo hurudiwa kijiji hadi kijiji. Wodi moja inaweza kulaza akina Mushi watatu. Jina halitoshi kabisa. Pampu iunganishwe na namba ya faili, inayosomwa kwenye bangili ya mgonjwa.

Umeme ukikatika, pampu iendelee kwa betri na kutunza kumbukumbu mpaka mtandao urudi. Na saa yake ilingane na ya kompyuta: zikipishana dakika 20, faili linaweza kuonyesha dawa iliingia mshipani kabla daktari hajaiandika.