Kila Mtu na Kosa Lake

Mbuzi akiibwa hapa Kamanyola na mwizi akakimbilia ng'ambo ya Ruzizi, hatukosi kusikia: "Mkamateni baba yake!" Je, ndiyo haki?

Sivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, yasema kwamba mtu hashitakiwi, hakamatwi wala hahukumiwi kwa tendo la mwingine.

Swali: Kosa la jinai hutambulikanaje?

Jibu: Kwa mambo matatu: sheria iwe imekwisha kulikataza, tendo liwe limefanyika au kujaribiwa, na mtendaji awe amekusudia, au, kwa makosa mengine, amezembea. Aliyechukua jembe la jirani akidhani ni lake si mwizi.

Swali: Na aliyemsaidia mwizi?

Jibu: Aliyempa chombo cha kuvunjia, hali akijua, ni mshiriki. Sheria ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 yamwadhibu, lakini kwa kipimo kisichozidi nusu ya adhabu ya mtendaji.

Basi, baba asiyejua lolote ana kosa gani? Hana. Bali sisi tukimfunga kamba kwa nguvu, sheria hiyohiyo yatuwekea kifungo cha mwaka 1 hadi 5. Tumpeleke mshukiwa mwenyewe kwa waamuzi.