Jenga kibanda cha kutazama nyota nyuma ya nyumba yako

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotoka nje usiku ukainua macho kutazama nyota? Wazee wetu wa pwani walikifuata Kilimia ili kujua majira ya kulima. Leo wengi wetu hatukitambui, ilhali sisi Wakenya tumejaliwa anga ambayo wengine huitamani. Kwa kuwa Ikweta inapita nchini mwetu, tunaziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Mwezi Mei, yapata saa tatu usiku, mawingu yakitawanyika, elekea kusini utauona Msalaba wa Kusini. Geuka nyuma, utaziona nyota saba za Dubu Mkubwa. Mkazi wa London hawezi kuuona Msalaba huo akiwa kwao.

Pengine utasema kuwa darubini ni mambo ya matajiri. Sivyo. John Dobson (1915–2014), aliyewahi kuwa mtawa huko San Francisco, Marekani, hakuwa na fedha. Alisugua vioo vya darubini kwa mikono yake, akavitia katika mabomba ya karatasi ngumu na kuyasimamisha juu ya visanduku vya mbao. Darubini ya namna hiyo hugeuka kulia na kushoto, ikainuka na kushuka, basi. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kuunda sanduku lake. Kioo ndicho cha kununua.

Ukienda dukani, usidanganywe na maandishi kwamba darubini hukuza vitu mara 500. Uliza upana wa kioo. Kila inchi moja hukuza kama mara 50 tu kabla picha haijaharibika. Kwa familia, kioo cha inchi 6 chatosha.

Kwa nini basi ujenge kibanda? Darubini ya kubebwa huku na huku hugongwa, na mwenyewe akichoka huisahau uvunguni mwa kitanda. Ikiwa na nyumba yake, kazi yako ni kufungua paa tu.

Chagua mahali mbali na miti na taa za barabarani. Futi nane kwa nane zatosha. Katikati, chimba shimo la futi mbili na ulijaze zege. Hapo ndipo darubini itakaposimama. Sakafu ya mbao ya kukanyagwa isiguse zege hilo, la sivyo kila hatua ya mtoto itaitikisa darubini. Kuta zisipite mabega ya mtu mzima. Utaingia ukiinama, lakini paa likifunguliwa utasimama wima.

Paa liwe la mabati juu ya fremu nyepesi, lenye magurudumu kama ya lango la kusukuma, likitembea juu ya vyuma viwili. Vyuma hivyo vizidi ukuta kwa futi nane, vikishikiliwa na nguzo, upande wa kaskazini au kusini. Usilisukumie mashariki wala magharibi, maana huko ndiko mwezi na sayari huchomoza na kutua. Tia ndoano imara kila pembe. Upepo ukilikuta paa halijafungwa, utalipeleka kwa jirani.

Na huyo jirani mwambie mapema unajenga nini. Akikuona usiku umeinama katika kibanda kisicho na paa, huenda akafikiri mengine. Afadhali awe mgeni wako wa kwanza.

Fungua paa saa moja kabla ya kutazama ili kioo kipoe sawa na hewa ya nje. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu, kwani macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza. Anza na mwezi ukiwa nusu, wakati vivuli vya milima yake ni virefu. Kisha tafuta Mshtarii na miezi yake minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, halafu Zohali yenye pete. Kitu kilicho utosini kabisa husumbua darubini hii. Subiri saa moja, kitakuwa kimeteremka.

Sasa onyo, na tafadhali ulisome mara mbili. Usiielekeze darubini kwenye jua hata kidogo. Kioo hukusanya miali yake na kuunguza jicho mara moja, tena bila maumivu, hata mtoto asijue kuwa amepofuka mpaka baadaye. Vile vichujio vidogo vya jua vinavyofungwa kwenye lenzi ya kutazamia huweza kupasuka kwa joto, vitupe. Mchana kibanda kifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mzazi.

Usiku ukiingia na mbingu ikiwa safi, mwite mtoto mkafungue paa pamoja.