Usisubiri Mpaka Mtoto Aongee

Mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo huona mengi ambayo daktari hayaoni. Kipaza sauti cha duka jirani kikilia, mwanawe wa miaka miwili na nusu huziba masikio na kujificha chini ya meza. Akiitwa jina hageuki. Akitaka maji hanyooshi kidole wala hamtazami mtu usoni. Humshika mama mkono na kuupeleka kwenye chupa. Hilo la mwisho ndilo linalonishtua zaidi.

Nyumbani bibi husema, "Hata baba yake alichelewa kuongea." Kauli hiyo ina upendo, lakini imewapotezea watoto wengi miaka ya thamani.

Dalili hizo zinaweza kuwa za usonji. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Daktari huutambua kwa kumhoji mzazi na kumtazama mtoto akicheza, na kwa kuwa mtoto mgeni chumbani hujikunyata, ushahidi wako ni nusu ya uchunguzi. Mrekodi kwa simu akiwa dukani na nyumbani. Andika alianza lini kutembea, maneno gani aliyasema kisha yakapotea, na kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza watoto wa Tanzania ambao dalili zao zilianza baada ya ugonjwa huo.

Kliniki, uzito ukiwa mzuri kwenye kadi, mama huambiwa aende zake. Usiondoke. Mwambie nesi kama mtoto wa miezi 12 haonyeshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono, wa miezi 16 hana neno, wa miaka 2 haungi maneno mawili, au amepoteza maneno katika umri wowote. Omba kwanza apimwe usikivu, kwa sababu asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Kisha omba rufaa ya Hospitali ya Muhimbili, pale Upanga, ambako wapo madaktari wa watoto na wa afya ya akili.

Watu wazima wenye usonji nao wapo, baadhi wakijitambua baada ya mtoto wao kupimwa. Mlango wao ni kliniki ya afya ya akili.

Wakati unasubiri tarehe ya rufaa, nenda Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, yenye kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Zungumza na walimu, na uwaulize wazazi wenzako walianzia wapi.