Amoksilini ya kwenye begi

CHAMPLIN, Minnesota – Mto Mississippi ukianza kuganda hapa, simu zetu Waafrika Mashariki huanza kulia: "Umebakiwa na ile amoksilini uliyokuja nayo?" Tukiri, nasi tumewahi kuuliza. Dar au Mombasa sheria inataka cheti cha daktari, lakini madukani nani anauliza? Hapa bila cheti huipati, ndiyo maana mabegi huja na akiba.

Ndugu wasomaji, antibayotiki huua bakteria. Mafua ni virusi, haiyagusi. Ukiimeza bure utaambulia kuharisha, na bakteria watakaosalia watakuwa sugu. Mwaka 2019 usugu huo unakadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani.

Ukiandikiwa, mwambie daktari kama penisilini imewahi kukuvimbisha, na dawa nyingine unazomeza, hata za mitishamba. Siprofloksasini usiishushie kwa maziwa. Yanaizuia isiingie mwilini vizuri. Homa ikishuka siku ya tatu, usiache dozi kabla ya kumuuliza aliyekuandikia. Uso ukivimba au pumzi ikibana, piga 911.

Vilivyobaki vipelekwe famasi inayopokea dawa zisizotakiwa, siyo kumwekea shemeji.