Neno "Unyumba" na Dhuluma Isiyo na Jina

Neno unyumba limetokana na nyumba, nalo lamaanisha mambo ya faragha baina ya mume na mkewe. Huku Unguja twasema "haki ya unyumba", na mke akikataa husemwa kuwa "amemnyima mumewe unyumba". Msomaji na atazame jinsi maneno haya yanavyokaa: kinachonyimwa ni haki, basi anyimaye ndiye mkosa. Lakini mume akimwingilia mkewe kwa nguvu, hatuna neno moja la tendo hilo. Kubaka watu hulidhania la mtu wa nje; kunajisi latokana na najisi, na uchafu huo huachwa juu ya mwanamke. Kwa hiyo mke huenda kwa somo wake akasema tu, "Ananitesa."

Sheria nayo ina pengo lilo hilo. Tanzania Bara, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, katika kifungu cha kukosa ridhaa, yamtaja mwanamke asiye mke wa mtendaji, au mke aliyetengana naye. Kenya, sheria ya mwaka 2006 iliwatoa wanandoa waziwazi. Asili ya fikra hii ni ya mbali: Matthew Hale, jaji wa Uingereza, ambaye kitabu chake kilichapwa 1736, alishika kwamba mke akishaolewa amekwisha kujitoa. Waingereza wenyewe waliikataa kauli hiyo mwaka 1991.

Zanzibar ina sheria zake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huku. Mashauri ya ndoa ya Waislamu husikilizwa na kadhi. Mke akithibitisha madhara, kadhi aweza kuivunja ndoa kwa fasakhi. Iko pia khului, ambayo mke hujikomboa kwa mali. Yaani aliyedhulumiwa aweza kuwa ndiye mlipaji. Lakini jinai si kazi ya kadhi: huifungua ndoa, hamwadhibu mume.

Hata hivyo lugha yetu haikosi pa kuanzia. Kabla ya nikaha bibi arusi huulizwa idhini yake, na neno ridhaa lajulikana na kila mtu. Linalobaki kuulizwa ni hili: je, ridhaa iliyotolewa siku moja yatosha kwa usiku wote utakaofuata?